Anza na Ndimu: Kuchagua Mvinyo wa Msimu wa Joto

Februari ya Dar es Salaam haina adabu. Saa tatu asubuhi shati limeshanata mgongoni, na jioni feni inazungusha hewa ileile ya moto kutoka pembe hii kwenda ile. Siku kama hiyo shemeji anapiga simu: njooni uani, kuna samaki wa kupaka. Unapita dukani kuchukua chupa, na mkono unakwenda wenyewe kwenye ule mwekundu mtamu, mzito kama sharubati, kwa sababu ndio tuliouzoea harusini. Sina ugomvi nao. Lakini kuunywa kwenye nyuzi joto 32 ni sawa na kutembea Coco Beach na koti la sufu.

Wengine mnauita divai, wengine waini. Neno mvinyo tulilichukua kwa Wareno, pamoja na meza ya kuuwekea. Uite utakavyo, ila kabla ya kulipa soma haya.

1. Angalia sahani, uulize: hapa ningekamua ndimu?

Kama jibu ni ndiyo, basi mvinyo nao uwe na ndimu yake. Simaanishi ladha ya ndimu. Namaanisha uchachu, ule ukali unaokufanya umeze mate kabla hujala. Siku za joto uchachu ndio unaoburudisha, kama unavyoburudishwa na juisi ya ukwaju kuliko soda ya chungwa. Na kuna sababu ya pili: chakula chenye ndimu kikikutana na mvinyo usio na uchachu, mvinyo unapooza, unakuwa kama maji yaliyosuuzia glasi.

Kwenye chupa huwezi kuuona uchachu, lakini unaweza kuukisia kwa mahali ulikotoka. Zabibu inavyoiva ndivyo sukari inavyopanda na ukali unavyoshuka. Penye jua kali mambo hayo huenda mbio. Penye ubaridi, karibu na bahari baridi au juu mlimani, zabibu huiva polepole na kubaki na ukali wake. Ndiyo maana majina kama Loire la Ufaransa, Mosel la Ujerumani, Marlborough la New Zealand na Elgin la Afrika Kusini ni rafiki wa msimu huu. Hata usipokumbuka kitu kingine, kumbuka hayo manne.

2. Soma ile namba ndogo.

Kila chupa imeandikwa asilimia ya kilevi, mara nyingi pembeni, kwa herufi za kusomea darubini. Chakula cha mchana cha kiangazi kinataka mvinyo wa asilimia 9 hadi 12.5. Ukiona 14.5, huo ni wa usiku wa Julai kule Lushoto, mbele ya moto.

Sisemi hivyo kwa ajili ya kichwa chako tu. Kilevi huchochea pilipili. Umemega muhogo wa kukaanga, umechovya kwenye pilipili ya kusaga, halafu unashushia mvinyo wa asilimia 14.5: utaona nyota mchana.

3. Samaki na ukakasi havikai chumba kimoja.

Unajua kinywa kinavyokuwa ukila bibo au ndizi mbichi, ulimi unakauka kama umepakwa chokaa. Ule ni ukakasi, na mvinyo mwekundu unao kwa sababu huchachushwa pamoja na maganda na mbegu za zabibu. Wataalamu huita tanini. Nyama yenye mafuta huupoza. Samaki hana cha kuupoza, na mara nyingi kinywa hubaki na ladha ya sarafu ya chuma. Kwa changu, nguru au dagaa, chagua mweupe, wa pinki au wa mapovu, uishi kwa amani.

4. Kwa tui la nazi, mtafute Chenin Blanc.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu zabibu hii ingeweza kuwa mwanafamilia wa jiko la pwani, na wengi bado hatujafahamiana nayo.

Tui ni mtihani. Lina mafuta, kwa hiyo linataka uchachu wa kuyakata. Lina utamu wake mpole, kwa hiyo mvinyo mkali mno hugombana nalo. Chenin Blanc ina vyote viwili: ukali wa tofaa bichi mbele, halafu nyuma yake kitu kama asali na pera lililoiva. Iweke mbele ya samaki wa kupaka, ambaye juu ameungua kidogo kwa makaa, ndani ana tui, ndimu na tangawizi, uone zinavyopokezana. Kuku wa kupaka ni hivyohivyo. Pweza wa nazi pia.

Asili yake ni bonde la mto Loire, lakini shamba lake kubwa leo ni Afrika Kusini, ambako ndiyo zabibu ya mvinyo inayolimwa kuliko zote. Kwa miaka mingi Makaburu waliiita Steen. Mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na Jan van Riebeeck akaliandika jambo hilo katika shajara yake. Februari, kumbuka, ni kiangazi huko pia.

Na huhitaji kwenda mbali hivyo. Chenin Blanc inalimwa Dodoma. Wamisionari wa Kiitalia walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, maana padri hawezi kusoma misa bila divai, na kutoka hapo kilimo kikasambaa hadi Hombolo na Makutupora. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, usiku unatafuta shuka. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Wa Dodoma haujui baridi ya kulala, hivyo mkulima anaupogoa na kuvuna mara mbili. Mweupe mkavu wa Dodoma, ukiupata mpya na ukaupoza vizuri, ni chupa ya heshima mezani, hasa kwa mgeni anayedhani Tanzania inatoa kahawa na korosho tu. Angalia neno “dry” kwenye lebo, kwa sababu dada yake mtamu anafanana naye kama pacha.

Jirani zetu wa Kenya nao wana Leleshwa, kutoka mashamba ya Naivasha katika Bonde la Ufa. Jina ni la kile kichaka cha majani ya kijivujivu kinachonukia kafuri. Sauvignon Blanc yao haina makeke, na pale mezani hayo si matusi.

5. Kamba na pweza wa kuchoma: kunywa wanachokunywa wavuvi.

Kanuni hii hainidanganyi mara nyingi. Watu wanaovua ndio wanaojua cha kushushia. Kaskazini-magharibi mwa Ureno kuna Vinho Verde, mwepesi, mara nyingi chini ya asilimia 12, na chupa nyingi zina vipovu vidogo vinavyotekenya ulimi. “Verde” ni kijani, lakini jina halisemi rangi ya chupa wala ya mvinyo. Maana yake ni mchanga, wa kunywewa mapema. Nenda Maputo ukaagize kamba wa piripiri, utawaona watu nao mezani. Kamba ni walewale wa Bahari ya Hindi, kwa hiyo Kilwa na Mafia hatuna udhuru.

Ukivuka mpaka kuingia Hispania, eneo la Rías Baixas, zabibu ni Albariño: ina harufu ya pichi na mwishoni inaacha kitu kama chumvi. Pwani ya magharibi ya Ufaransa chaza huliwa na Muscadet, mvinyo usio na maneno mengi na usio na bei ya kutisha. Ukikosa yote hayo, na katika maduka yetu mengi utayakosa, chukua Sauvignon Blanc. Ina harufu ya majani yaliyokatwa, pengine pasheni, na kachumbari yenye giligilani itaikaribisha kama ndugu.

6. Pilipili inataka sukari kidogo.

Najua nimekukataza utamu mwanzoni. Nimerudi kuulegeza mkono. Urojo wa Forodhani wenye chatne na pilipili hauhitaji ukali juu ya ukali. Unahitaji mtu wa kusuluhisha. Riesling ya Mosel, ile iliyoandikwa “Kabinett”, huwa na kilevi kidogo, mara nyingi asilimia 8 au 9, ina sukari ya wastani, na uchachu wake ni mkubwa kiasi kwamba utamu haugandi kinywani. Tofauti na mwekundu wa harusini ni hiyo: sukari yenye ndimu ni sharubati ya kuburudisha, sukari isiyo na ndimu ni dawa ya kikohozi. Ukiona neno “Trocken” ujue hiyo ni kavu.

Siri ya pembeni: kwa wanaokula kitimoto, hakuna mvinyo unaokwenda na kitimoto cha kukaanga, ndizi na pilipili kama Riesling. Niliupeleka mara moja kwenye baa moja ya uswahilini, nikaomba ndoo ya barafu, mhudumu akaniangalia kama niliyeleta mwavuli chumbani. Chupa iliisha kabla ya sahani ya pili.

7. Vya kukaanga ni vya mapovu.

Sambusa, bhajia, viazi karai, changu wa kukaanga wa Feri aliyefungwa kwenye gazeti. Mafuta hufunika ulimi. Mapovu na uchachu huupangusa, na kila mtafuno unakuwa kama wa kwanza. Mvinyo wa mapovu tumeufanya mateka wa keki na sherehe, tukausahau mezani.

Huhitaji Champagne. Prosecco ya Italia hupata mapovu yake ndani ya matangi makubwa, hivyo ni nafuu na ina harufu ya pea. Afrika Kusini wana Cap Classique, ambayo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe kama Champagne. Ya kwanza kabisa ilitengenezwa Simonsig mwaka 1971. Mtego mmoja tu: “Extra Dry” ni tamu kuliko “Brut”. Usiniulize nani aliyeruhusu hilo. Kwa sambusa chukua Brut.

8. Wa pinki si lazima uwe mtamu.

Rangi hutokana na maganda ya zabibu nyekundu kukaa ndani ya juisi saa chache, basi. Haisemi lolote kuhusu sukari. Rosé ya Provence, kusini mwa Ufaransa, ni hafifu kama ganda la kitunguu na ni kavu kabisa. Ndiyo chupa ya kubeba usipojua utakuta nini mezani: pilau, saladi ya parachichi, kuku, samaki, vyote itavumilia. Wanaume mnaoogopa rangi hiyo mnajichelewesha.

9. Nyama choma iendelee na mwekundu wake, lakini uingie friji kwanza.

Ushauri wa kunywa mwekundu kwenye “joto la chumba” ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Chumba chako Sinza kina 30. Kwenye joto hilo kilevi kinapanda puani na mvinyo unanuka kama rangi ya kucha. Weka chupa kwenye friji dakika 30 hadi 40 kabla ya kula.

Kwa mishikaki na mbuzi wa kuchoma tafuta mwekundu mwepesi. Gamay ya Beaujolais inapenda ubaridi. Afrika Kusini wana Cinsaut, mama au baba wa Pinotage, maana mwaka 1925 Abraham Perold aliichavusha na Pinot Noir pale Stellenbosch, ikazaliwa zabibu mpya. Mwekundu mkavu wa Dodoma nao nimeupoza hivihivi, na ndugu zangu wanaouponda walinyamaza kimya.

10. Kupoza: maji, barafu na chumvi.

Chupa iliyochomekwa kwenye barafu tupu hupoa taratibu, kwa sababu vipande vinaigusa hapa na pale tu. Mimina maji hadi shingoni, kisha tupia konzi mbili za chumvi. Chumvi hushusha kiwango cha maji kuganda, hivyo maji yale yanakuwa baridi kuliko barafu ya kawaida. Baada ya dakika 20 hivi chupa iko tayari. Mweupe mwepesi na wa mapovu uwe nyuzi 6 hadi 9. Kwa hali ya hewa yetu anza chini, kwa sababu glasi itapanda yenyewe ukiwa bado unasalimia watu.

Friza ni ya dharura, tena uwe na saa mkononi. Mimi nilisahau chupa humo mkesha wa Mwaka Mpya. Maji yakiganda hutanuka. Kizibo kilisukumwa nje, na asubuhi nyama ya wiki nzima ilikuwa imelowekwa. Chupa ya mapovu ingepasuka kabisa.

Ufukweni bila barafu? Mbinu ya mtungi. Funga chupa kwa kitambaa kibichi, uiweke kivulini penye upepo. Maji yanavyokauka yanaondoka na joto. Dodoma na Singida penye hewa kavu inafanya kazi vizuri. Tanga na Unguja, penye hewa nzito ya unyevu, utapata nafuu kidogo tu.

Mimina glasi isizidi theluthi, ushike mguu wake, si tumbo. Na barafu ndani ya glasi? Kama chupa ni ya bei ya kawaida, weka, hakuna polisi. Mimi napenda zaidi kugandisha zabibu. Zile za stendi ya Dodoma zioshe, zikaushe, zilaze friza usiku, kisha tupia tatu nne kwenye glasi. Zinapoza bila kuongeza maji, na watoto hawataziacha hata moja wakizijua zilipo.

11. Kabla ya kulipa, iangalie chupa kama unavyomwangalia samaki sokoni.

Joto huua mvinyo kimyakimya. Chupa iliyokaa rafu ya juu chini ya taa, au dirishani, ipishe. Mweupe ukigeuka rangi ya kahawia, uache. Kizibo kikiwa kimejitokeza, au kuna utomvu shingoni, ilishachemka mahali fulani njiani. Rosé kwenye chupa nyeupe huharibiwa hata na mwanga. Mweupe mwingi wa bei ya kawaida huzeeka vibaya, kwa hiyo tafuta mwaka wa karibuni. Usidanganywe na vumbi. Omba wa nyuma ya kaunta, mahali penye giza na kiyoyozi.

Ukishanunua, usiuache kwenye gari ukaingia benki. Nilifanya hivyo Januari moja, foleni ikawa ndefu, nikarudi kukuta chupa mbili za zawadi zimekuwa chai.

12. Hesabu, na wasiokunywa.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida. Watu sita kwa mlo wa mchana: chupa tatu, na maji mara mbili ya hizo, maana joto na kilevi vyote vinakausha mwili.

Pwani hii karibu kila meza ina asiyekunywa, na atakayeendesha gari. Usiwape soda ya uvuguvugu huku wengine wakizungusha glasi. Ukwaju wenye tangawizi, uliopozwa kwenye ndoo ileile, una uchachu uleule niliousifia tangu mwanzo, na unakwenda na samaki wa kupaka kuliko nusu ya mivinyo niliyoitaja. Madafu pia. Wape kwenye glasi za mguu.

13. Embe, kisha mabaki.

Embe dodo lililoiva hufanya mvinyo mkavu uonekane siki. Hapo ndipo Moscato d’Asti inapoingia, na asilimia zake 5 za kilevi na vipovu vyake. Ukinyunyizia embe chumvi na pilipili, kama tunavyofanya, ni tamu zaidi.

Kilichobaki kifunge, kirudishe friji. Mweupe huvumilia siku mbili hadi tatu. Siku ya nne usijilazimishe. Kaanga vitunguu saumu, tia kamba, mwagia nusu glasi ya mabaki na uache ipungue, kamulia ndimu, epua. Kisha fungua chupa nyingine.